Kitambaa Ndani ya Mshono

Haya nayaandika kwa ajili yako wewe unayekohoa na una sababu nzuri ya kukohoa. Labda ni moshi wa jikoni, labda ni vumbi la saruji, labda ni mafua yaliyokawia kuondoka. Mimi sababu yangu ilikuwa salfa, na ilikuwa sababu nzuri mno, maana kila niliyemwambia aliikubali.

Kwa asiyetoka kwetu Mtwara, nieleze kidogo. Mwezi wa sita na wa saba, mikorosho inapoanza kuchanua, tunaipulizia unga wa salfa ili maua yasiliwe na ukungu. Unafunga kanga puani, unashika mashine, na ukirudi nyumbani umekuwa wa njano kuanzia nyusi hadi kucha. Macho yanachonyota, kifua kinawasha, unakunywa maziwa, unakohoa wiki moja au mbili, basi yanakwisha. Msimu huo kila shamba unalopita lina mtu anayekohoa, na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo kikohozi changu kilipovuka Julai kikaingia Agosti, nilisema tu kwamba salfa ya mwaka huu ni kali.

Aliyebisha alikuwa mmoja, mume wangu Ahmadi. Yeye ni fundi cherehani, ana kibaraza chake Magomeni yetu ya hapa Mtwara, na shambani alikuwa haendi hata kwa kusukumwa. Shamba ni langu, niliachiwa na mama yangu. Nilikuwa nalionea fahari kupita kiasi, nakiri. Majirani zangu wa Mtawanya, shamba lilipo, wakinipita wananisalimu, "Tajiri, hujambo?" na mimi naitika bila hata kujifanya naona haya.

"Mama Rehema," Ahmadi aliniambia siku moja, "salfa gani hii inayokulowesha jasho mpaka shuka linakamuliwa?"

"Wewe unajua uzi na sindano," nikamjibu. "Mambo ya mikorosho niachie mimi."

Akalichukua shuka akaenda kulianika. Ahmadi si mtu wa kushindana kwa mdomo. Mimi ndiye mwenye mdomo nyumbani kwetu, na ni Mmakonde, ukinibishia ndiyo umenipa chakula.

Kilichonishinda ni gauni. Nilikuwa na gauni la kijani alilonishonea kwa sikukuu ya Idi, limenikaa vizuri hadi wanawake wa mtaani wakamfuata wakitaka mshono uleule. Mwisho wa Agosti kulikuwa na harusi Mikindani, nikalivaa, likaning'inia. Mabega yake yalikuwa yameteremka hadi mikononi. Ahmadi alinitazama kwenye kioo akiwa nyuma yangu, futi yake shingoni kama kawaida, akasema kwa sauti ya chini, "Vua nilipunguze." Akalipunguza palepale, nikaenda harusini. Wiki mbili baadaye akalipunguza tena. Siku hiyo alipomaliza hakunipa gauni. Alilikalia.

"Nitakupa tukitoka hospitali," akasema.

Ndiyo hivyo nilivyofika kliniki ya kifua kikuu mwezi wa tisa, nimechukuliwa mateka na mume wangu.

Kliniki ile wagonjwa wa kifua hatukai ndani. Tunakaa nje kwenye mabenchi, upepo utupige, kila mtu na kitambaa mdomoni. Unapewa kikopo, unaenda nyuma ya jengo, unakohoa hadi kitu kitoke kweli, mate hawayataki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi Somoe binti Chilumba, mwenye shamba, nimeshika kikopo cha makohozi mbele za watu.

Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja mwembamba, Mzee Muhidini, Mmakua wa kutoka Masasi. Alinitazama nilivyokishika kile kikopo kwa vidole viwili, akaniuliza kabila. Nikamwambia. Akafurahi waziwazi, maana Wamakua na sisi ni watani, tunatukanana na kuzikana.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimepata maiti wa kuzika. Mmakonde hauawi na kikohozi, anauawa na ubishi. Ulikuwa unasema ni salfa, siyo?"

Nikakificha kikopo ndani ya kanga.

"Hata mimi nilisema salfa," akasema. "Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza?"

"Mimi narudia darasa, dada. Mwaka jana nilikunywa dawa miezi mitatu, nikapona, nikaacha. Kumbe sikupona. Sasa wananipa nyingi kuliko zile." Akacheka hadi akakohoa.

Kwa siku mbili nilizosubiri majibu, kila mtu alizungumza nami kwa sauti ya polepole, kana kwamba nimeshalazwa kaburini. Mzee Muhidini peke yake alinitukana, na sijui kama anajua alivyonisaidia.

Majibu yalipotoka, muuguzi aliniketisha. Alikuwa mama mmoja wa Mbeya, Sista Tumaini, mwenye sauti kubwa na mikono ya moto. Akasema ni kifua kikuu, kinapona, dawa ni miezi sita, kila siku, asubuhi kabla ya kula, bila kuruka hata siku moja. Kisha akasema nimchague mtu wa nyumbani atakayenitazama nikimeza. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema watu wazima ndio wanaowasumbua. Ahmadi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanyanyua mkono mithili ya mwanafunzi.

Miezi miwili ya kwanza sitaisahau. Vidonge vilikuwa vikubwa, vinapita kooni vikijitangaza. Mkojo uligeuka rangi ya juisi ya rozela. Sista alikuwa ameniambia, lakini nilipouona mara ya kwanza bado nilimwita Mungu. Saa nne asubuhi kichefuchefu kinanikamata na hakiniachii hadi adhuhuri. Viungo vya miguu vinauma nikipanda hata kizingiti. Madirisha yote yalikuwa wazi mchana na usiku, na mimi nililala chumba changu peke yangu, Ahmadi akalala sebuleni kwenye mkeka. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja tangu Rehema hajazaliwa.

Wifi yangu, dada yake Ahmadi, alikuja kunijulia hali akakaa nje ya uzio. Alileta papai, akaliweka juu ya tofali, akarudi nyuma ndipo nilichukue. Nililia sana siku ile. Nilimkasirikia mwezi mzima, halafu nikakumbuka kwamba mwaka fulani mtaani palikuwa na mgonjwa kama mimi, na mimi sikumpelekea hata papai.

Kila Ijumaa nilikwenda kliniki kwa gauni lilelile la kijani, maana ndilo pekee lililonitosha. Nilirudi nikalifua kwa sabuni ya mche nikalianika juani, nikiogopa kwamba ugonjwa umelala ndani yake. Na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, Ahmadi aliniita, "Njoo, Tajiri," akanipima kiuno kwa futi. Alipunguza gauni mara nne kwa jumla. Kuanzia Oktoba hakupunguza tena. Katikati ya mwezi huo alisema, "Kidole kimoja kimeongezeka," akatoka kwenda kuswali anatabasamu peke yake njiani.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakingoja, kwa sababu ndicho kilichoniweka hai na ndicho nilichokaribia kukiharibu. Rehema, mwanetu pekee, ameolewa Dar es Salaam. Alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka saba ya kungoja. Kwetu mwanamke akiwa na mimba ya kwanza anakuja kujifungulia kwao, mama yake ndiye amkande, ndiye ampokee mtoto. Alitarajiwa kuja Januari. Nilimwuliza Sista Tumaini, nikiwa nimeshika mkono wake, "Nitaruhusiwa kumshika?"

"Ukimeza kila siku, utamshika hadi uchoke," akasema. "Usipomeza, mwambie binti yako ajifungulie hukohuko."

Novemba ikaingia. Makohozi yalipimwa, yakawa safi. Dawa zikapunguzwa idadi, nikapewa za mwezi mzima za kubeba nyumbani. Kikohozi kimekwisha, chakula kinapita, mwili umeanza kurudi. Na shambani korosho zilikuwa zinadondoka.

Wenye mikorosho wataelewa. Msimu ukifika tunahamia shambani, tunalala kwenye vibanda, maana korosho ikidondoka inatakiwa kuokotwa mapema, ichomolewe kwenye bibo, lile tunda lake, ianikwe. Kila nikifumba macho nilikuwa nasikia mabibo yakianguka na kuozea chini. Ahmadi alikataa. Nikabisha siku tatu, akachoka, akasema niende lakini nirudi kila Ijumaa apime, na dawa nimeze. Nikafunga vidonge vya wiki mbili kwenye pembe ya kanga, nikaenda.

Siku tatu za mwanzo nilimeza. Kichefuchefu kikanikuta nimeinama chini ya mkorosho, nikatapika, nikalala hadi alasiri, na korosho za jirani zilikuwa zimeshaanikwa. Siku ya nne nikasema leo nipumzike dawa, kesho nitameza. Siku hiyo niliokota kama zamani. Jioni nilikaa mbele ya tandiko la korosho zangu nikajiona nimerudi kuwa mimi. Kesho yake sikumeza, wala kesho kutwa. Nilijiambia nitaendelea msimu ukiisha.

Ijumaa ya kwanza nilimwambia Ahmadi nameza. Akanipima, akasema sijapungua wala sijaongezeka, akaniamini. Siku hiyohiyo Rehema alipiga simu.

"Mama, nije kweli? Wifi zangu huku wananitia wasiwasi."

"Njoo, mwanangu," nikasema. "Mimi mzima."

Nimesema uongo mwingine maishani, lakini ule ndio unaoniamsha.

Ijumaa ya pili Ahmadi alipitisha futi kiunoni. Akaitoa, akaipitisha tena. Akaisogeza karibu na miwani yake.

"Vidole viwili vimepungua," akasema.

"Kazi ya shambani."

"Miaka yote unafanya kazi ya shambani. Mwili wako mimi naujua kwa inchi, Somoe."

Hakuwa ameniita Somoe tangu tupate mtoto. Akashika pembe ya kanga yangu, akalifungua lile fundo. Vidonge vya siku kumi na moja vilikuwa humo. Nikasubiri aseme. Afadhali angefoka, ningejua la kumjibu. Badala yake alienda akachukua gauni la kijani, akaligeuza nje ndani, akaliweka mapajani mwangu.

"Tazama."

Sikuwa nimewahi kulitazama kwa ndani. Fundi akipunguza nguo hukata kitambaa kilichozidi, nguo ikae vizuri isijae matuta. Ahmadi hakukata. Kila alipopunguza alikunja kitambaa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, mishono minne kila ubavu, na yote kaishona kwa mkono kwa uzi mwepesi unaofumuka kwa urahisi.

"Kwa nini hukukata?" nikauliza, ingawa nilishaanza kulia.

"Ningekata ungerudi na nini?" akasema. "Mimi nimekuachia mahali pa kurudi, wewe uko porini unaokota korosho. Korosho, Mama Rehema."

Akakaa chini kwenye sakafu, akalia. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja nikidhani mali iliyo nyumbani kwangu ni ile ya mama yangu, ile inayohesabika kwa mashina. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hili. Mali yangu ilikuwa imeketi sakafuni inafuta miwani.

Tulikwenda kliniki saa ileile. Sista Tumaini alinisema mbele ya benchi zima, na Mzee Muhidini hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Alisogea tu, akanipa nafasi ya kukaa, akasema, "Karibu darasani, dada." Sista akachukua makohozi upya. Akasema siku nilizoruka zitaongezwa mwishoni, na kwamba kuhusu binti yangu, ningoje vipimo viwili, cha sasa na cha mwezi unaofuata. Mpaka hapo asije.

Kumpigia Rehema ndiyo kazi ngumu kuliko vidonge vyote. Nilimwambia ukweli wote, siku kumi na moja, kanga, uongo.

"Mama," akasema, "mimi nimengoja mtoto huyu miaka saba. Na wewe umeshindwa kungoja msimu mmoja?"

Akakata simu. Alikuwa na haki.

Jumatatu yake nilijua msimu umeniponyoka, nikaanza kujizoesha kuliacha shamba lioze. Asubuhi nikasikia toroli uani. Ahmadi alikuwa amepakia cherehani yake, meza yake, pasi ya mkaa na vitambaa vya wateja kwenye maturubai.

"Unakwenda wapi?"

"Shambani. Wewe huwezi kuliacha shamba, na mimi siwezi kukuacha wewe. Twende wote. Utakunywa dawa mbele yangu, utalala hadi kichefuchefu kipite, utaokota jioni. Kitakachooza kioze."

Mtu ambaye hakuwahi kujua tofauti ya jembe na panga alifungua kibaraza chake cha ushoni mbele ya kibanda changu. Nilimeza asubuhi nikiwa nimesimama karibu na cherehani, nikafungua mdomo aone, akasema "Haya," akakanyaga pedali. Wateja wake wa Magomeni walikasirika. Walikuja kwa bodaboda, wamejaa vumbi, wakiuliza fundi gani huyu anayehamia porini. Ahmadi akawaambia nguo zao ziko tayari kasoro vifungo, wasubiri kidogo. Na mtu akisubiri chini ya mkorosho, korosho zimetapakaa miguuni, mikono haikai bure. Wanawake waliokuja kufuata magauni yao waliokota, wakachomoa, wakaanika, wakinitania kwamba Tajiri siku hizi analala hadi saa sita. Wifi yangu alikuja siku moja na suruali ya mumewe. Safari hii aliingia hadi kibandani, akaketi kitandani kwangu. Hatukuzungumzia papai.

Ahmadi mwenyewe alijaribu kuokota. Alichuma mbichi kutoka juu ya mti, akaniletea ndoo nzima kwa fahari, zote hazijakomaa. Nikazianika pamoja na nyingine.

Kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili, mwishoni mwa Desemba, mvua zimeshaanza na korosho zimekwisha, nilikwenda kukichukua na Ahmadi. Sista Tumaini alikitazama, akanitazama, akasema, "Mpigie huyo binti." Nikampigia pale pale kwenye benchi. Nilimwambia nimepimwa mara mbili, na kwamba uamuzi ni wake, sitamlaumu akikataa.

"Baba yupo hapo?" akauliza.

Nikampa simu Ahmadi. Sikusikia Rehema alichouliza, nilisikia jibu tu. "Ndiyo, mama. Kila asubuhi. Kwa macho yangu haya."

Januari Rehema alishuka kwenye basi na tumbo lake, akanitazama tangu miguuni hadi kichwani, akanikumbatia. Februari alijifungua mtoto wa kike. Nilimpokea kwa mikono yangu miwili, nikamkanda mama yake kwa maji ya moto, kama mama yangu alivyonikanda mimi. Kidonge cha mwisho nilikimeza siku nne kabla ya arobaini ya mtoto. Mzee Muhidini alikuwa bado na miezi miwili ya kumaliza, na amekwisha kumaliza sasa, namshukuru Mungu. Bado anadai nimemnyima maiti.

Usiku wa kuamkia arobaini Ahmadi alifumua mshono wa mwisho wa gauni la kijani. Asubuhi nikalivaa. Lilinikaa sawasawa. Tukatazama kwenye kioo, tukaona kitu ambacho hata yeye fundi hakukifikiria. Miezi ile ya kufuliwa na kuanikwa ilikuwa imelipausha gauni lote, lakini kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya mikunjo hakikuwahi kuliona jua. Kila ubavu, kutoka kwapani hadi chini kiunoni, palikuwa na utepe mpana wa kijani kibichi, mpya kama siku ya Idi.

"Nitakushonea jingine," akasema, ameona haya.

Nikakataa. Nililivaa hivyohivyo kwenye arobaini, na wanawake wakaniuliza ni mshono gani huu wa mistari, fundi kautoa wapi. Wawili wakaagiza wa kwao. Ahmadi akawaambia mshono huo haushonwi kwa oda.

Wewe unayekohoa, nenda ukapime kesho. Ukipewa dawa, meza yote, hata siku unayojiona mzima, siku hiyo hasa. Na kabla hujajiita tajiri au maskini, ligeuze gauni lako nje ndani, utazame kama kuna mtu aliyekuachia kitambaa.